Fremu ya fito kwa maharage yanayotambaa

Mwishoni mwa Aprili mwaka jana, mvua ya usiku iliangusha fremu yote ya maharage katika bustani yangu hapa Kasulu. Asubuhi nilikuta ukuta wa majani wenye urefu wa mita 6 umelala upande mmoja, maganda yakiwa yameanza kujaa, mashina mengi yamekatika karibu na ardhi, na maua yaliyosalia yametapakaa udongo mwekundu. Hakukuwa na ufito hata mmoja uliovunjika. Jambo hilo lilinishughulisha kuliko hasara yenyewe, kwa sababu nilikuwa nimechagua miti ya mkaratusi iliyo minene na iliyonyooka, nikiamini kwamba unene wa mti ndio uimara wa fremu.

Shangazi yangu, ambaye amelima maharage huko Manyovu tangu sijazaliwa, alifika siku tatu baadaye. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yake yakiwa tayari bustanini. Aliinua mti mmoja, akapima kwa mkono sehemu iliyokuwa na udongo, akaniambia, "Mwanangu, huu uliingia ardhini shubiri moja tu. Na yote uliisimamisha wima kama askari, hakuna unaomwegemea mwenziwe." Maneno hayo mawili, kina cha shimo na kuegemeana kwa miti, ndiyo niliyoyafanyia kazi msimu uliofuata, na ndiyo yanayonifanya niandike leo.

Kwanza nieleze kwa nini sikuacha maharage haya na kurudi kwenye yale mafupi ambayo hayahitaji miti. Bustani yangu ni ndogo. Maharage mafupi hukomaa kwa pamoja na mavuno yake hukatika mara moja, lakini yale yanayotambaa, ambayo wengine huyaita marando, huendelea kutoa maua na maganda kadiri yanavyopanda juu, hivyo eneo dogo hulisha nyumba kwa wiki nyingi zaidi: kwanza majani machanga ya mboga, kisha maganda mabichi, na mwishoni punje kavu za kupikwa na mawese. Hali ya hewa ya huku nayo huyafaa. Kasulu iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Buhigwe huinuka juu zaidi, ilhali Kigoma mjini na Ujiji ziko karibu na usawa wa Ziwa Tanganyika, takribani mita 770, ambako joto huwa kali zaidi, na joto likizidi maua ya maharage hupukutika kabla ya kufunga. Ndugu zetu wa Burundi na Rwanda, wenye vilima vingi na mashamba madogo, wameyategemea maharage ya miti kwa miaka mingi, na mkulima wa Manyovu ambaye anauona mpaka kutoka shambani kwake haoni jambo hili kuwa geni.

Kabla ya kukata mti wowote, inafaa kuutazama mharage wenyewe unavyopanda. Njegere na pasheni hushika kwa vikono vyembamba, lakini mharage hauna vikono. Shina lenyewe ndilo linalojizungusha kwenye mti. Ncha yake huzunguka hewani polepole ikitafuta pa kushika, na ikishagusa kitu chembamba kilichosimama huanza kukizonga, ikizunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa ukiitazama kutoka juu. Kwa hiyo mti mnene ni kikwazo, maana shina changa hulazimika kuzunguka njia ndefu ili lipande kidogo tu, na mara nyingi huteleza. Miti yangu ya mwaka jana ilikuwa minene kama kifundo cha mkono. Sasa natumia fito zenye unene wa dole gumba au kuzidi kidogo, na miti minene huiweka kwenye ncha mbili za fremu pekee, ambako kazi yake ni kubeba. Vilevile silaini fito. Ninapokata vitawi vya pembeni huacha visiki vyenye urefu wa pingili moja ya kidole, kwani maharage yaliyolowa huwa mazito na huteleza kuelekea chini, na visiki hivyo huyazuia.

Fito zangu ni za mkaratusi kutoka kwenye shamba dogo la miti la jirani, ambaye huniuzia machipukizi yanayoota kwenye visiki baada ya miti mikubwa kukatwa. Visiki hivyo huchipua fito nyingi kuliko vinavyoweza kulea, na kuzipunguza humsaidia hata yeye. Naomba kwa dhati kwamba mtu asiingie katika msitu wa miombo kukata miche michanga ya mninga kwa ajili ya maharage ya miezi minne. Mti ule huhitaji miongo kadhaa kukomaa, na kuna njia nyingine. Mianzi hufaa sana na vifundo vyake huzuia shina kuteleza. Matete hutosha kwa msimu mmoja, yakikatwa yakiwa yamekomaa na kufungwa mawili mawili. Wapo wanaoacha maharage yapande juu ya mahindi, na kwa shamba kubwa siwalaumu, mradi mahindi yatangulie kupandwa, lakini bua la mahindi hulemewa na mara nyingi vyote viwili hulala.

Mti mbichi usisimikwe siku ile ile uliyoukata. Baadhi ya miti huchipua ikisimikwa mibichi, kisha hushindana na maharage kwa maji. Mimi huziegesha fito ukutani kwa wiki tatu, zikiwa juu ya mawe ili zisiguse udongo. Adui mwingine ni mchwa, ambaye hapa kwetu hula mguu wa mti huku juu pakionekana pazima. Mimi huchoma ncha za chini za fito katika moto hadi ziwe nyeusi, kiasi cha nusu mita, nikitumaini kwamba hilo litamchelewesha. Nimeshauriwa mara nyingi nipake oili chafu ya magari. Sikubali, kwa sababu udongo ule ndimo ninamootesha chakula.

Sasa fremu yenyewe. Tuta langu lina urefu wa mita 6, na juu yake kuna mistari miwili iliyoachana sentimita 75. Kila baada ya nusu mita hutoboa kwa mtaimbo mashimo mawili yanayotazamana, moja katika kila mstari, yenye kina cha sentimita 45, na kuyainamisha kidogo kuelekea ndani. Hayo ni majozi 13, yaani fito 26, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 2.5. Sizipigi kwa nyundo, kwani ufito mkavu hupasuka kichwa; huutumbukiza shimoni na kurudishia udongo kidogo kidogo, nikiushindilia kwa kijiti na kumwagia maji, mpaka nikiutikisa ufito ardhi isifunguke pembeni yake. Kazi hii huchosha kuliko zote na ndiyo niliyoifanya kwa haraka mwaka uliotangulia. Vichwa vya kila jozi hupishana juu kama herufi A, na katika panda hizo hulaza miti miwili mirefu iliyounganishwa kwa kupishanishwa nusu mita, mithili ya mtambaapanya katika paa la nyumba. Mti huo hukaa kwenye kimo kinachopungua kidogo mita 2, ambacho mkono wangu hukifikia bila ngazi.

Hapo fremu inaonekana kamili, lakini bado. Herufi A huzuia fremu isianguke kushoto wala kulia. Haizuii isilale kwa urefu wake, jozi moja ikiisukuma nyingine kama vitabu kwenye rafu. Fundi wa paa hawezi kuacha kenchi bila mti wa mshazari, kwa sababu mstatili hupinda ukisukumwa pembeni, ilhali pembetatu hubaki na umbo lake mpaka mti uvunjike au fundo lifunguke. Hivyo huongeza fito nne za mshazari, mbili kila upande, kuanzia mguuni mwa jozi za mwisho hadi kwenye mti wa juu karibu na katikati, na kuzifunga kila zinapokutana na ufito uliosimama. Jumla ni fito 30. Siku nilipofunga ule wa mwisho nilishika mti wa juu kwa mikono miwili nikausukuma kwa nguvu zangu zote, na haukusogea.

Kuhusu kufunga: kamba ya katani hushika vizuri kwa sababu ni ya kukwaruza, nami huilowesha kwanza, halafu ikikauka hukaa imara. Huzungusha mara nne kuikumbatia miti yote miwili, kisha huipitisha mara mbili katikati ya miti hiyo, nikivuta kwa nguvu ili mizunguko ya kwanza ibanwe, ndipo hupiga fundo. Bila mizunguko hiyo ya katikati, fito zikizidi kukauka husinyaa na kamba hulegea. Manila hudumu zaidi lakini huteleza, basi mafundo yawe mawili. Kamba za mgomba huzihifadhi kwa ajili ya kushikiza mashina machanga tu, kwani huoza kabla ya mavuno.

Fremu ya mwaka jana ilikuwa imekingama njia ya upepo, na ukuta wa majani yaliyoshika maji ni sawa na tanga. Sasa urefu wa fremu hufuata upande ambako dhoruba za mvua hutokea, ambao kwangu ni upande wa bonde. Kila bustani ina mlango wake wa upepo, na mtu ataujua kwa kutazama migomba inalalia wapi.

Wenzangu wa Kibirizi na Katonga, walio ufukweni mwa ziwa, wanaweza kutumia nyavu chakavu za uvuvi badala ya fito za katikati, wakizitandaza kwenye nguzo mbili. Wavu wa dagaa haufai, matundu yake ni madogo mno. Unahitajika wavu ambao mkono hupita, la sivyo kuvuna huwa mateso. Baada ya mavuno wavu huo uondolewe shambani, maana nailoni haiozi.

Mimi huisimamisha fremu kabla ya kupanda, ili nisije nikakata mizizi kwa mtaimbo. Huweka mbegu tatu kuzunguka kila ufito, kwa umbali wa kiganja, na baadaye hubakiza miche miwili. Mche unapofikia kimo cha sentimita 20 na kuanza kuyumba, huusogeza ufitoni na kuuzungusha kufuata mwelekeo wake wa asili. Ukiuzungusha kinyume, kesho yake utaukuta umejifungua. Majani ya chini yanayogusa udongo huyachuma, kwa kuwa magonjwa ya chule na madoa pembe hupenda majani yasiyokauka, na hewa inayopita chini ya herufi A hunisaidia sana katika hilo.

Nilivuna punje kavu mwezi Juni, fremu ikiwa imesimama. Nilikata mashina chini nikaiacha mizizi ioze ardhini, nikayang'oa mazonge yote yaliyong'ang'ania fito na kuyapeleka mbali na tuta ili magonjwa yasilale humo, kisha nikazifungua fito na kuzilaza chini ya upenu. Wiki iliyopita nilizigonga moja moja kwa kisu: 26 zimelia kikavu, nne zimeliwa mguuni. Hizo nne nitazikata kimo cha mita 2 zitumike kwenye nyanya, na jirani ameshanichagulia nyingine kwa ajili ya upandaji wa Februari.