Abtathi ndo nini tena?

Kuna mzee wa kikundi cha wauza dagaa pale Mwaloni Kirumba kaniletea orodha ya wanachama nimchapie, akasema "kijana, nipangie kwa abtathi." Dogo ninayefanya naye kazi hapa steshenari akanitolea macho, abtathi ndo nini tena? Nikamwambia we panga tu A mpaka Z (huku kwetu M peke yake inameza nusu karatasi, kina Mabula, Magesa, Masanja, Masunga...).

Ni alfabeti hiyohiyo jamani. Herufi za Kiarabu zinaanza alif, ba, ta, tha, zitamke zote nne kwa mkupuo ndo abtathi hiyo. Na hazijakaa hivyo kwa bahati, ba, ta na tha ni kibakuli kilekile, kimoja kina nukta moja chini, kingine mbili juu, kingine tatu juu, yani mtoto wa madrasa akishajua kuchora kimoja basi vyote vitatu kavimaliza. Aliyepanga vile alikuwa mwalimu haswa.

Alfabeti yenyewe ni alfa na beta za Wagiriki, nao walizitoa kwa Wafoinike ambao herufi ya kwanza waliiita alef, maana yake ng'ombe, ya pili bet, nyumba. Chukua A kubwa uipindue miguu juu, unaona kichwa na pembe zake? Wasukuma wenzangu mpo? Ng'ombe kwanza, nyumba baadae!

Halafu kuna abjadi, na hii ndo naipenda zaidi. Ni mpangilio wa zamani kuliko abtathi, alif, ba, jim, dal, na kila herufi ina namba yake: alif 1, ba 2, jim 3, dal 4, ukifika herufi 'ya' ni 10, kaf 20, lam 30, inapanda hivyo mpaka mamia. Ile 786 mnayoiona kwenye vioo vya daladala na milango ya maduka siyo namba ya bahati nasibu, ni herufi za Bismillahir Rahmanir Rahim zimejumlishwa. Anayebisha achukue kalamu, ila ahesabu zilizoandikwa siyo zinazosikika, maana ile lam ya mwanzo wa Rahman hutaisikia mtu akisoma lakini ipo pale na 30 yake, ukiiruka hesabu haifiki.