Nilivyofanikiwa kukimbia na Jeki, mbwa wa mjomba, bila kuvutwa

Mjomba alifanyiwa operesheni ya goti mwezi wa kumi na mbili, na tangu siku hiyo Jeki hakutoka geti. Jeki ni chotara, mama yake ni German Shepherd, baba yake wa kienyeji wa hapa hapa Mbezi Beach, wakati ule alikuwa na mwaka mmoja na miezi kama nane hivi. Wiki ya pili ya kufungiwa akashusha nguo zote kwenye kamba, akachimba chini ya mpapai mpaka mpapai ukalala, usiku akawa anabweka na kuzunguka uwanja mpaka jirani akapiga simu. Kikao kikakaa sebuleni, mama mdogo anasema auzwe, binamu yangu anasema kuna mtu ana kiwanja Bunju anatafuta mbwa wa kulinda. Mjomba hakusema kitu, alikuwa anaangalia mguu wake tu. Yule mbwa alimlea mwenyewe kwa chupa tangu hajafungua macho. Nikasema nipeni mimi, kila asubuhi nakimbia, nitaenda naye.

Basi ushauri ukaanza kumiminika na mwingi ulikuwa mbaya, nasema wazi kabisa. Mmoja aliniambia mnyime chakula siku nzima atalegea. Mwingine mfunge nyuma ya bodaboda akimbie mpaka ashike adabu, na huyu alisema kwa kujiamini kabisa, mtu mzima ana watoto. Mbwa aliyefungwa kwenye pikipiki hana namna ya kusema nimechoka, anakimbia mpaka anaanguka anaburutwa, tafadhali usimfanyie hivyo mnyama yeyote.

Siku ya kwanza nilitoka na kamba ya manila nimeizungusha mkononi. Sitaki kuielezea sana, hatukufika hata kwenye duka la kona, kiganja kilichubuka kama nimeshika chuma cha moto. Binamu akanionyesha video kwenye simu, wazungu wanakimbia mbwa kafungwa kiunoni, mikono yote huru, akasema umeona, tatizo ni mkono. Nikafunga manila kiunoni. Kwa dakika kama kumi mambo yalikuwa mazuri mpaka nikaanza kufurahi, halafu paka akatoka chini ya Noah iliyopaki. Jeki hakubweka wala nini, aliruka, na kamba ilivyofika mwisho ilinishtua kiunoni nikaenda chini, goti moja kwenye lami, jingine ukingoni mwa mtaro. Nilikaa pale naangalia damu, Jeki karudi ananilamba shingo. Sikumlaumu yeye. Ile video niliirudia usiku nikiwa na bandeji, nikaitazama taratibu mara tatu nne, ndo nikaona kitu ambacho binamu hakukiona. Kamba ya wale watu inavutika. Mbwa akiruka, kamba inarefuka kwanza kabla ya kumfikia mtu. Na mbwa mwenyewe kavaa mikanda kifuani, hajafungwa shingoni.

Sasa hivyo vifaa nikaulizia bei kwa mtu anayeagiza nje, nikaachana navyo. Lakini jamani si tuko Dar, kitu kinachovutika kiko kila kijiwe cha bodaboda! Ile mipira ya kufungia mizigo, inayokatwa kwenye tyubu za matairi, si ndo hiyo hiyo inashika magunia ya mkaa barabarani kwenye mashimo bila gunia kudondoka. Nikaenda kwa fundi tairi, mzee mmoja ana kibanda barabarani, nikamweleza. Aliniangalia muda, akauliza, "Mbwa mwenyewe ana kilo ngapi?" Nikamwambia kama 30. Akakata ukanda wa tyubu ya lori upana wa vidole vitatu, akaukunja mara mbili, akauvuta na mguu. Halafu akanipa wazo ambalo mimi sikuwa nalo: "Mwanangu, mpira siku moja utakatika tu. Pitisha manila pembeni yake, iwe ndefu kuliko mpira, ilegee. Mpira ukivutika mpaka mwisho manila ndo inashika, na mpira ukikatika mbwa bado unaye." Nilitamani kumkumbatia yule mzee. Alinitoza 3,000 na nikamwongezea.

Mikanda ya kifuani nilishonewa na fundi wa mabegi. Mkanda wenyewe nilinunua kwa wauza spea za magari yaliyokatwa, ni ule mkanda wa siti ya gari, mlaini haukati ngozi, na haukatiki hata akivuta tembo. Jumla pamoja na ufundi ilikuja kama 20,000 hivi, labda na kidogo, na wa kiunoni nikatumia mkanda mwingine wa gari nikaweka sponji ndani. Hakikisha wa kifuani unakaa kwenye mfupa wa kidari, usipande kooni, na vidole viwili vipite chini yake. Fundi wa kwanza alishona ukawa unambana kwapani, ikatokea alama nyekundu, nikarudisha akafumua.

Kifaa kikawa kimepatikana lakini mbwa bado anavuta. Na hapa nilipoteza wiki tatu nzima kwa kusikiliza watu. Kila mtu anasema mchoshe, mkimbize mbali. Nilianza na kilomita 5, nikaenda 8, nikafika 12, nikirudi nyumbani mimi ndo nalala na Jeki ananywa maji dakika mbili halafu anakuja na kandambili ya mjomba mdomoni anataka mchezo. Ikanichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa namjengea pumzi! Kila wiki alikuwa na nguvu kuliko wiki iliyopita, ni kama kumpeleka mtu jimu ukitegemea atadhoofika.

Dawa ilikuwa kinyume. Nilipunguza mpaka kilomita 5 au 6, na dakika kumi za kwanza hatukimbii kabisa, namwacha anuse. Kila nguzo, kila ua la michongoma, anuse anavyotaka. Mbwa anasoma mtaa kwa pua, akishamaliza habari za usiku kichwa kinatulia. Halafu nikisema "twende" ndo tunakimbia, mwendo mmoja. Akivuta nasimama, simvuti wala simpigii kelele, nasimama kama nguzo mpaka kamba ilegee. Asubuhi ya kwanza nilisimama mara nyingi hata sikuhesabu, wanafunzi wanapita wananiangalia. Baada ya siku kama nane hivi alikuwa akihisi mpira umeanza kuvutika anageuka mwenyewe kuniangalia. Siku ile nilimpigia mjomba simu nikiwa njiani nahema, nikamwambia mjomba kageuka, kageuka mwenyewe!

Joto nisilipite juu juu. Kuna Jumamosi ya mwezi wa pili nilichelewa kuamka, tukatoka saa 1 na nusu asubuhi, jua limeshachoma. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na hewa ya Dar kipindi hicho ina unyevu mwingi hivyo kuhema kwenyewe hakumsaidii sana. Njiani tukakutana na watu wa jogging wanaimba na kupiga makofi, Jeki akapandwa na furaha akataka kwenda nao, na mimi nikakubali, hilo ni kosa langu. Kufika mbele akaanza kuyumba miguu ya nyuma, mate mazito kama gundi, fizi nyekundu sana, akalala chini ya mwembe akagoma. Mama mmoja anayekaanga chapati alinipa ndoo yake ya maji bila kuuliza, tukammwagia tumboni, kwenye mapaja kwa ndani na kwenye nyayo, mwanawe anampepea na sahani. Nililia pale pale. Alinyanyuka baada ya muda, nikamrudisha kwa bajaji, dereva akakubali nilipotandika khanga, na tukapitiliza kwa daktari wa mifugo. Tangu siku hiyo tunatoka saa 11 na nusu alfajiri, na hata jioni nikitaka kutembea naye kwanza naweka mgongo wa mkono kwenye lami, nisipoweza kuuacha sekunde saba basi na nyayo zake haziwezi. Yule daktari ndo aliniambia pia nisimlishe kabla ya kukimbia, na tukirudi nisubiri kama saa nzima, kwa sababu mbwa mwenye kifua kikubwa tumbo linaweza kujisokota. Na kwa wenye vitoto, subirini, mbwa mkubwa hajakomaa mifupa mpaka apite mwaka, wengine mwaka na nusu.

Saa hiyo ya alfajiri ina mambo yake, mtaani kwetu kuna msikiti na watu ndo wanarudi kuswali. Siku moja tumepishana na mzee kavaa kanzu nyeupe nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, halafu akasema, "Binti yangu, mvute upande ule, mate yake yakinigusa inabidi nikajitwaharishe upya." Alisema kwa upole na ana haki. Sasa nikiona kanzu kwa mbali navuka barabara, namkalisha Jeki mpaka wapite. Mzee yule siku hizi ananisalimia yeye kwanza, anauliza mgonjwa wetu, mjomba, anaendeleaje. Kinyesi pia naokota. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo natunza zile karatasi za mkate, zinatosha kabisa.

Mbwa koko walikuwa wanatutoka kwenye jalala, watatu wanne. Usikimbie. Simama uiname kama unaokota jiwe, hata kama jiwe hamna, mbwa wengi wa Dar wanajua maana yake na mara nyingi watatawanyika. Mara ya kwanza Jeki naye alilala chini kifudifudi akidhani ni yeye, ikabidi nimbembeleze. Kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa nimeipiga picha iko kwenye simu, maana watu wanauliza na wako sahihi kuuliza. Na ukiumwa na mbwa usiyemjua osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo, ule ugonjwa dalili zikishaanza mtu haponi.

Maji yakiwa yamekupwa tunashuka ufukweni, mchanga uliolowa ni mgumu na wa baridi, Jeki anaupenda kuliko lami. Siku za bamvua, zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa sana, usijisumbue, alfajiri maji yanakuwa bado yako juu. Na niseme hili kwa kina dada wenzangu, miaka yote nimekimbia peke yangu nikisikia maneno kutoka kila kona na kugeuka nyuma kila nikisikia pikipiki. Na Jeki pembeni hakuna aliyewahi kufungua mdomo. Nakimbia nawaza mambo yangu.

Juzi mjomba alitoka na fimbo yake mpaka getini saa 11 na nusu, kandambili zake za kutafunwa mguuni, akasema leo nakaa hapa niwaone mkiondoka. Jeki alikaa akavishwa, akanusa nguzo ya kwanza, nikasema twende. Tuliporudi mjomba alikuwa bado kwenye kiti pale pale. Akaishika kamba, akaivuta vuta, akasema mpira umeanza kupasuka pembeni hapa, mpitie fundi leo, mwambie safari hii akate mpana kidogo.