Neno likikaa moyoni

Wapendwa, nimekuwa nikikariri Zaburi ya 119, fungu moja baada ya jingine, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoipenda zaidi. Ina mistari 176 katika mafungu 22, minane kila fungu, na katika Kiebrania kila fungu lina herufi yake ya alfabeti. Mimi naamini mtunzi alitaka watu wake waishike kichwani.

Nasoma mstari kwa sauti, nafunga Biblia, nausema tena, kisha nauandika kwa mkono bila kuchungulia. Kesho yake nauanza ule wa jana kabla sijagusa mpya. Sura na mstari navitaja mwanzo na mwisho, maana namba ndizo hutoroka mapema.

Lakini utamu wenyewe nauonja usiku. Usingizi unapokatika na mawazo yakaanza kunisonga, sihitaji taa wala simu. "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi." Narudia taratibu mpaka kukariri kunageuka sala, na moyo unatulia. Hakuna kingine kinachonituliza hivyo, nasema kweli.

Halafu mtazameni Yesu kule jangwani, Mathayo 4. Anajaribiwa mara tatu, na mara zote tatu anajibu "Imeandikwa", akinukuu Kumbukumbu la Torati. Ana njaa, yuko peke yake, na Neno limo ndani yake! Kila nikifika hapo nasisimka.

Nanyi mnashika mstari gani sasa hivi? Niandikieni, nitaukariri pamoja nanyi.