Nilivyoendesha mota ya fezi tatu kwa umeme wa fezi moja

Randa yangu, mashine ya kulainishia mbao, ni mtumba wa Ulaya. Niliinunua Dar es Salaam, nikaipakia kwenye fuso lililokuwa linarudi Mafinga kufuata mbao, na siku ya kuishusha watu wanne walitoka jasho pamoja na baridi yote ya huku. Dukani nilikagua visu, nikakagua meza, nikazungusha roli za kulishia mbao kwa mkono. Plagi sikuiangalia. Nilipofika nyumbani ndipo nikaiona: nyekundu, nene kama mkono wa mtoto, pini tano, yaani ya fezi tatu, umeme unaokuja kwa nyaya tatu zinazopishana. Na karakana yangu ina LUKU ya fezi moja.

Laini ya fezi tatu ipo, lakini mbali na kwangu, na makadirio ya kuivuta yalizidi bei niliyonunulia mashine. Jenereta nililifikiria siku mbili, nikakumbuka bei ya dizeli, nikaliacha.

Fundi umeme wa kwanza alikuja na kapasita, kidude cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi. Njia hiyo ni ya zamani na si ya uongo: nyaya mbili za mota unazipa umeme wa kawaida, ya tatu unaipitisha kwenye kapasita ili umeme wake upishane na ule mwingine, mota ipate kujua izungukie upande gani. Hesabu ya mafundi ni kama mikrofaradi 70 kwa kila kilowati, na mota yangu ni ya kilowati 2.2, kwa hiyo akafunga 150 hivi, pamoja na nyingine za kuiamshia. Ikazunguka. Tukapigiana makofi. Nikaingiza ubao wa paina wa nchi sita, ikaguna, ikapunguza mwendo, ikasimama huku inanguruma. Baada ya majaribio matano mota ilikuwa haishikiki kwa moto. Nikamlipa nauli, tukaachana kwa amani.

Kijana mmoja anayesuka mota pale mjini ndiye aliyeniambia, "Mzee, tafuta VFD." Ni kifaa cha kubadilisha umeme: kinaingiza fezi moja, kinatoa tatu. Nikampigia simu jamaa yangu wa Kariakoo aniulizie. Duka la kwanza wakamjibu, "Bosi, hiyo nenda TRA." Walidhani anataka ile VFD ya risiti za kodi! Alipoeleza kwamba ni ya kuendeshea mota, wakamwelekeza kwa wauza vifaa vya viwandani, akaipata ya kilowati 2.2, ya kuingiza volti 220. Ikaja na basi.

Nikaifunga, nikawasha, randa ikapanda mwendo polepole, sauti laini kabisa. Ubao ukaingia. Randa ikasimama, kioo cha kifaa kikaandika kosa la kuzidiwa mzigo. Yaani yale yale ya kapasita, ila safari hii kwa gharama kubwa zaidi.

Usiku huo nilikaa na tochi mbele ya mota nikakisoma kile kibati chake cha maelezo, jambo ambalo ningelifanya tangu siku ya kwanza ningeokoa wiki tatu. Kimeandikwa 230/400 V, 8.6/5.0 A, mizunguko 1420. Mbele ya 230 kuna alama ya pembetatu, mbele ya 400 kuna alama ya nyota: ni namna mbili za kuunga nyaya za mota. Nikafungua skrubu nne za kisanduku cha kuungia nyaya. Ndani kuna vichwa sita, vitatu juu na vitatu chini. Nyaya zinazotoka nje zimefungwa kwenye safu moja. Safu ya pili imeunganishwa yote kwa vibati vya shaba vilivyolala. Hiyo ndiyo nyota, na nyota ya mota hii inataka volti 400.

Sasa kifaa changu hakina volti 400. Kinachukua 230 ya ukutani, kinaigeuza kuwa umeme mnyoofu (DC), kama wa betri, wa volti 325 hivi, kinauhifadhi kwenye kapasita zake, halafu kinaukatakata upya kuwa fezi tatu. Fezi zinakuwa tatu kweli, lakini kati ya moja na nyingine hupati zaidi ya 230. Mota iliyofungwa nyota ikipewa 230 badala ya 400, nguvu yake ya kusukuma inabaki theluthi moja. Kuzunguka bure itazunguka vizuri tu, hata ikudanganye. Ubao ukigusa visu ndiyo basi. Na yule fundi wa kapasita naye hakufungua kisanduku, kwa hiyo tulikuwa tunahangaika na ugonjwa mmoja.

Nikavitoa vibati vya shaba, nikavisimamisha, kila kimoja kikiunganisha kichwa cha juu na cha chini yake. Delta, yaani ile pembetatu. Kazi ya dakika kumi, spana namba nane. Asubuhi nikaingiza ule ule ubao wa nchi sita, ukatoka upande wa pili unang'aa, na maranda yakajaa hadi kwenye magoti.

Yaliyobaki yalikuwa madogo madogo, lakini yalinisumbua. Kifaa kinavuta umeme mwingi zaidi upande wa kuingia kuliko upande wa kutoka, maana fezi moja inabeba kazi ya tatu: mota inakula ampea 8.6, ila lebo ya kifaa inasema kiandaliwe 24 za kuingia. Waya wangu wa ekstensheni, uliokuwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake, ulipata joto kama chapati imetoka sasa hivi kikaangoni. Nikavuta waya mpya wa milimita 4 moja kwa moja kutoka meni swichi, na breka yake ya ampea 32, na ethi ya uhakika.

Swichi ya zamani ya mashine sikuiacha katikati ya kifaa na mota, kwa sababu kukata umeme hapo mota ikiwa kwenye mwendo kunaweza kukiua kifaa. Nyaya zake ndogo nilizihamishia kwenye pini za kuamuru, kitufe kile kile chekundu sasa kinakiambia kifaa kisimame. Kusimama nako kulikuwa na kisa. Niliweka sekunde 3, kikawa kinalia kosa la volti kuzidi kila nikizima: ngoma ya visu ni nzito, ikipunguzwa mwendo kwa nguvu inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye kifaa. Nikaweka sekunde 15, kikatulia.

Pia mota inapiga filimbi nyembamba. Wanangu wanaiita mbu. Unaweza kuipunguza kwenye mipangilio, ila kifaa kinapata joto zaidi, kwa hiyo tumemzoea mbu. Kifaa chenyewe nimekifunga chumba cha pili, kwenye boksi la bati lenye sponji ya kuchuja hewa, maana vumbi la paina linapita popote. Na nikizima umeme sifungui mfuniko kabla ya dakika kumi kupita. Zile volti 325 hazitoki mara moja.

Mwezi uliopita jirani mwenye kinu cha kusaga alikuja na mota yake kwenye toroli, ya kilowati 5.5, anataka "mashine kama ya kaka." Nilianza na kibati. Kimeandikwa 400/690. Hiyo hata ukiifunga delta bado inataka 400, na kifaa kama changu hakiiwezi. Nikamwambia achague: aisuke upya, au atafute kifaa cha aina inayopandisha volti, ambacho bei yake ni nyingine kabisa. Akaguna, akakunja kanzu, tukasaidiana kuirudisha mota kwenye toroli.