Kaseti ya Mama Mdogo

Bibi alikuwa na kaseti moja tu duniani, na Walkman niliyoazima mimi ikaila.

Ilikuwa 1993, Ngamiani, Tanga. Mama mdogo alikuwa ameolewa Muscat, na kwa kuwa bibi hakujua kusoma, barua zake zilikuja kwa sauti. Anakaa mbele ya redio kaseti, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, anaongea mpaka upande mzima uishe, kisha kaseti anapewa mtu anayekuja huku. Upande wa A ulikuwa salamu na habari, upande wa B alitujazia taarabu. Kila Ijumaa baada ya sala bibi alitaka awekewe kwenye redio kubwa, naye akiitikia kila kitu, "Aleykum salaam mwanangu, marahaba," utadhani wamekaa jamvi moja.

Walkman ilikuwa ya mjomba. Haikuwa Sony hata kidogo, lakini mtaani kwetu kila kidude cha kusikilizia kaseti masikioni kilikuwa Walkman, kama dawa yoyote ya meno ilivyokuwa Kolgeti. Sharti lake moja: betri nijinunulie. Na hela ya betri sikuwa nayo, kwa hiyo nilizianika juu ya bati zipate moto, zikanipa nusu saa nyingine ya uhai. Kurudisha mkanda nyuma kwa kitufe ni kumaliza betri bure. Unachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu la kaseti, unazungusha mpaka mkono ufe ganzi.

Mchana mmoja bibi amelala, nikaichukua kaseti yake nisikilize upande wa B. Wimbo wa pili, sauti ya mwimbaji ikaanza kuzama. Mwanamke akawa mwanamume, mwanamume akawa ng'ombe. Dalili za betri kuisha, kila mtu anazijua. Badala ya kuzima, nikaongeza sauti! Ukafuata mkwaruzo, kisha kimya. Nilipofungua kifuniko, mkanda ulikuwa umejiviringisha kwenye kigurudumu cha mpira, mwingine unaning'inia kama utumbo wa kuku. Nikavuta. Ukakatika.

Kipande kilichokunjamana nikakikata kwa wembe, kama shibiri moja, nikaunga kwa selotepu, nikaurudisha ndani kwa kalamu. Kaseti ikarudi kwenye kitambaa chake chini ya mto. Nilijiona fundi.

Ijumaa ikafika. Salamu zikaenda vizuri, habari za joto la Muscat, habari za watoto. Mwishomwisho kabisa, pale mama mdogo anapokaribia kuaga, sauti ikageuka ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, tena maneno yanakwenda kinyumenyume. Bibi akaitazama redio, akanitazama mimi.

"Mume wangu, huyu anasema Kiarabu?"

"Hapana, bibi."

"Basi karogwa."

Nikakiri. Hakunipiga, ila alinikabidhi kaseti na kitambaa chake, nimpelekee fundi redio wa barabara ya 12, na Walkman nayo niibebe. Fundi alifungua skrubu kwa bisibisi ndogo, akacheka. "Umeunga tumbo kwa mgongo." Mkanda, akaniambia, una upande mmoja wenye unga wa chuma, huo ndio unaogusa hedi, kile kichuma kinachosoma sauti. Mimi nilikuwa nimeupindua, kwa hiyo hedi inasoma kwa mgongoni, tena inaokota taarabu ya upande wa B inayokwenda kinyume. Kumbe bibi alikuwa akiitikia harusi!

Akaishika Walkman. Pamba kwenye kijiti cha kiberiti, tone la spiriti, akapitisha kwenye hedi na kile kigurudumu. Pamba ikatoka na rangi ya kahawia, unga wa kaseti zote nilizopiga bila kuisafisha hedi. Kigurudumu kikinata hivyo, akasema, na betri zikiwa zimechoka, mkanda hauna pa kwenda ila kujizungusha pale pale. Na hizi kaseti za dakika 90 mkanda wake mwembamba, tafuteni za 60. Alinitoza hela ambayo ingenunua betri mpya, hapo sitasahau. Tangu siku hiyo nilikuwa naiba spiriti ya kuwashia karabai kila wiki, na bibi alijua.

Mkanda wa kaseti hukimbia karibu sentimeta 5 kwa sekunde. Shibiri yangu, basi, ilikuwa kama sekunde 4 za mama mdogo. Ijumaa iliyofuata tulifika pale kwenye kiungo, redio ikatoa "tik" ndogo. Bibi akainua kidole nisiseme kitu, akayasema mwenyewe maneno yaliyopotea: "Na yule kuku mweupe msimchinje mpaka nije." Kisha akatulia, kaseti ikaendelea na kuaga.

Kuku mwenyewe tulishamla tangu Idi.