Waya wa kaka

Binti yangu kaniuliza majuzi, eti mwizi akiruka ukuta akajikata na vile vichupa vya juu, hela ya hospitali anatoa nani? Nikacheka, halafu kicheko kikakata maana nilimkumbuka kaka na ule waya wake.

Nyuma ya nyumba kuna kiwanja cha mzee. Watu walikuwa wanakatiza humo usiku, seng'enge tunaifunga jioni asubuhi imeshakatwa, mara mabati yamepungua, polisi wakaja wakaandika wakaondoka. Kaka akachoka. Usiku huo nikamkuta kapiga magoti kwenye uzio, waya kaung'ata anaumenya kwa meno, simu kaibana kwapani imulike, na ncha ya pili ya waya imepita dirishani mpaka kwenye soketi. Swichi bado hajawasha. Anaongea kwa kunong'ona utadhani mwizi ni yeye, "leo atacheza ngoma". Mimi nimemshikia koleo tu, na kusema kweli nilitaka kuona.

Sasa shangazi, yule aliyekuwa karani wa mahakama, akatoka. Akauangalia waya, akaufuata kwa macho hadi dirishani, akaingia ndani bila neno. Aliporudi plagi anayo mkononi, kaikata na kisu cha jikoni, akaitumbukiza kwenye mfuko wa gauni lake. Akageuza ndoo akaikalia.

Akaanza habari za Iowa, huko Marekani. Mtu na mkewe, wanaitwa Briney, walikuwa na nyumba kuukuu shambani haikai mtu, inavunjwa miaka nenda rudi, vibao wameweka, wapi. Mwaka 1967 bwana akafunga bunduki kitandani ikielekea mlangoni, waya kwenye kitasa, tena alitaka ipige tumboni, mke ndo akamwambia ishushe ipige miguuni. Akaingia jamaa mmoja, Katko, anatafuta chupa za zamani, mguu ukaharibika vibaya. Kwa wizi alipigwa faini ya dola 50. Halafu akawashtaki wenye nyumba, na mwaka 1971 mahakama ya juu ya Iowa ikabariki alipwe dola 30,000. Wakauza ekari 80 za shamba lao.

"Yaani mwizi kalipwa?" kaka akauliza, koo limemkauka.

"Kalipwa. Wewe ungekuwepo ungeona kama ni mtoto kafuata mpira wake, huo waya wako una macho?"

Mengine akayamwaga harakaharaka. Mwambie mtu atoke, shahidi akiwepo, akigoma ita polisi, ukilazimika kumtoa mwenyewe iwe nguvu ya kadiri maana ukizidisha wewe ndo unapanda kizimbani, na kama ameshahamia kabisa usimtupie vyombo nje bila amri ya mahakama. Kibao weka, kipige picha. Ila usikae kimya, Kenya na Tanzania mtu akikalia ardhi yako waziwazi miaka 12 bila ruhusa na wewe umenyamaza, anaweza kusimama mahakamani akasema ni yake. Kaka akaona kapata upenyo: je, nikimruhusu? Shangazi akasema mruhusu kwa maandishi, hapo anakuwa mgeni wako tu, siku ukitaka unamwambia basi. Mpaka leo hiyo ndo inanishangaza kuliko zote, kwamba anayekukera ukimpa karatasi ya kumkaribisha ndo umejikinga naye.

Shangazi alikuwa sahihi, sibishi. Ila zile ekari 80 hazijawahi kunikaa sawa rohoni, wale watu waliibiwa kwanza jamani.

Tukaweka kibao cha bati, HAKUNA NJIA, herufi nyekundu kubwa. Hakikumaliza mwezi, kikaibiwa. Kaka akaenda moja kwa moja kwa shangazi kudai plagi yake, shangazi akamuuliza kwanza, picha ya kibao mnayo?