Kilima cha chuma pale Geita

Dira yangu ilikataa kutulia. Nilikuwa mwanafunzi wa jiolojia, nimesimama juu ya kilima nje kidogo ya mji wa Geita, na kila niliposogea sindano iliyumba. Mwalimu akaniambia niifunge. Tulikuwa tumekanyaga chuma: tabaka jeusi la magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, tabaka jeupe la silika, kisha jeusi tena, mengine membamba kuliko kidole. Ikabidi tupime mielekeo kwa kulenga vilima vilivyokuwa kwenye ramani.

Matabaka yale yalijitandaza kwenye sakafu ya bahari, yamelala bapa. Siku ile tuliyakuta yamesimama wima, na penginepo yamekunjwa, kisha mikunjo yenyewe ikakunjwa tena.

"Nani aliyasimamisha?" Mwalimu akauliza, akakaa chini ya mti, akatuacha tubishane.

Tukabishana kweli. Wenzangu walishikilia kwamba lava nzito ilizama yenyewe huku graniti nyepesi ikipanda kutoka chini. Ndiyo maana mikanda ya miamba ya kijani ya Usukuma, yaani lava hiyo ya kale iliyogeuka kijani, imezingirwa na graniti, kama ile mikubwa iliyosimama majini pale Mwanza. Mimi nilikuwa upande wa msukumo wa pembeni: mabamba ya ardhi yalisogeleana yakabana kila kilichokuwa katikati. Bado niko upande huo. Kemia ya bazalti, yaani lava iliyoganda, za Rwamagaza, kusini-magharibi mwa Geita, inafanana na ya lava zinazotoka leo nyuma ya matao ya visiwa, yaani safu za visiwa vya volkeno, kule ambako bamba moja linapiga mbizi chini ya jingine. Kuzama peke yake hakunipi jibu la kemia hiyo.

Tuliposhuka mteremkoni tulikuta bazalti yenyewe, ya kijani iliyoiva, inachubuka kwa kisu. Ni lava ya miaka kama bilioni 2.8. Joto la nyuzi 300 hadi 450 hivi, pamoja na maji, liligeuza madini yake kuwa kloraiti, aktinoliti na epidoti, na hapo ndipo ukijani ulipotoka. Kwangu hiyo ni bahati kubwa. Mwamba ungepikwa zaidi ya hapo, tungebaki na kitu kisichosimulia tena habari za bahari.

Kando ya duara moja, yaani shimo la wachimbaji wadogo, alikuwepo mzee mchimbaji. Tukamwamkia, "Mwangaluka," akaitikia, akatukaribisha. Nilimwuliza anajuaje pa kuchimba.

"Mwanangu, mimi nafuata jiwe jeusi. Nikiona limeanza kung'aa manjano, hapo sitoki."

Alinipa kipande. Mistari myeusi ilikuwa imenyooka vizuri, halafu ufa mwembamba ukaikata, na pande zote mbili za ufa weusi ulikuwa umetoweka. Pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa manjano, imejaa mahali pake. Mwalimu alikigeuzageuza kile kipande kwa furaha ya mtoto. Akatueleza: maji ya moto yalipanda kwenye nyufa yakiwa yamebeba dhahabu iliyoshikamana na salfa. Yalipokutana na chuma, salfa ikakikimbilia, ikaunda pairaiti, na dhahabu ikakosa wa kuibeba. Yote hayo yalitokea baada ya mikunjo. Tena pale Geita kuna miamba ya mishipa, yaani magma iliyoganda ndani ya nyufa, yenye umri wa miaka bilioni 2.64, na dhahabu ilipofika iliikuta tayari imeshaingia. Kati ya lava na dhahabu, basi, ilipita zaidi ya miaka milioni 150.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Sasa hiyo nyufa yenu inaelekea wapi?" akauliza. Mwalimu akainuka, wakaenda wote wawili kuufuata ufa ukutani mwa duara, mmoja na nyundo, mwingine na tochi.

Kile kipande nilikikata na kukisugua maabara. Chini ya hadubini magnetaiti ilikuwa ya kijivu, imeliwa kingo zote na pairaiti nyeupe yenye umanjano, na ndani ya pairaiti kulikuwa na punje moja ya dhahabu, ya njano kali.